Watu wa Kwenye Kamba

Jumamosi, 5 Februari 1966

Nimesafisha filamu ya wiki iliyopita. Picha kumi na mbili. Mikia minane, makalio ya Kapteni mara mbili, vumbi tupu moja, na moja sijui ni nini, huenda ni kidole changu. Mpiga picha hodari.

Jioni nikaenda tena. Siachi. Maafisa wa jeshi wanacheza polo kila Jumamosi kwenye uwanja wa ndege, farasi tisa walioachwa na Waingereza, watu watatu kwa watatu. Wanapiga mpira wa mti kwa magongo marefu, na kila raundi wanabadilisha farasi. Vita vya shifta au si vita, saa kumi kasorobo wanatandika. Nina miaka arobaini na nane, mtu wa Lamu, mwaka wa kumi na tano huu Garissa, karani wa vibali vya safari na mifugo. Farasi sijawahi kumpanda. Ila kuwatazama, na kamera shingoni, ndiyo raha niliyobaki nayo.

Kamera yenyewe ni nzito, haina haraka, kama mwenye nayo. Farasi akikimbia huwezi kumfuata. Kwa hiyo mimi nalenga ile kamba ya upande wa pili, wanaposimama watazamaji, halafu namngoja farasi apite katikati. Farasi anatoka ukungu. Watu wa nyuma wanatoka safi, hata meno unahesabu.

Kapteni hanisamehe kwa hilo. “Karani, unapiga picha za polo au za wauza mbuzi?”

Za wauza mbuzi, naona. Kila Jumatatu wanakuja kuzichukua, nawapa bure. Nusu ya mji huu wana picha moja tu maishani, na mbele yao kuna farasi asiyeonekana vizuri.


Alhamisi, 10 Februari

Filamu mpya imefika na msafara wa Nairobi. Joto. Kafyu imeongezwa saa moja. Hakuna jingine.


Ijumaa, 11 Februari

Nimefanya kazi kidogo leo, na hata hiyo sikuimaliza.

Karibu na sala ya adhuhuri kaja Mborana mmoja, Guyo, kutoka upande wa Wajir. Alileta mbuzi sita, kauza, kanunua sukari. Kibali chake cha kuwa hapa kinaisha leo. Alitaka cha kurudia kwao. Mhuri nilishaufungia, karatasi za kaboni nilishazikunja, na kichwani nilikuwa tayari nasafisha lenzi. Nikamwambia aje Jumatatu. “Kesho nenda katazame farasi wa serikali,” nikamwambia. “Bure kabisa.” Nikacheka. Akacheka kwa kuwa mimi nimecheka. Kiswahili chake ni cha bei na salamu, si cha mzaha.

Nimekula vizuri. Nimelala mchana.


Jumamosi, 12 Februari

Mchezo mzuri. Umati mzuri pia.

Shemeji yangu Yusuf, kaka yake Halima mke wangu, Msomali, dalali wa ng'ombe, alisimama kwenye kamba ya upande wa pili, kila nikilenga yeye yumo. Koti lake la kaki, hina mpya kwenye ndevu. “Shemeji! Biga bicha, wallahi, hina haijakauka!” Nikamwonyesha kwa mkono atoke. Akasogea mbele zaidi. Kapteni akapita na yule farasi wa kijivu, nikabonyeza, najua nimepata ndevu za Yusuf na pua ya farasi.

Mwisho wa kamba nikamwona Guyo, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Kumbe alinisikiliza. Nilifurahi.

Yule kijivu alichechemea raundi ya pili, akatolewa. Kapteni akashindwa, akalaumu farasi.

Filamu imebakiza picha mbili, kwa hiyo sijaitoa kwenye kamera.


Jumapili, 13 Februari

Jana saa kumi lori la askari lilikanyaga bomu kwenye barabara ya Habaswein, maili themanini kutoka hapa. Waliobaki hai wakapigwa risasi kutoka vichakani. Waliokufa hatuambiwi ni wangapi.

Leo saa mbili wanaume wote walisukumwa uwanjani. Uwanja ule ule. Wakakalishwa juani mpaka alasiri, mikono kichwani. Mimi nikatengwa kwa kuwa ni wa serikali, nikapewa kivuli na kikombe cha maji. Niliyanywa. Mbele ya majirani zangu niliyanywa.

Askari mmoja aliyejeruhiwa kasema alimwona mtu mwenye ndevu nyekundu na koti la kaki akikimbia. Basi kila mwenye ndevu za hina akasimamishwa upande. Nusu ya wazee wa mji huu wanapaka hina. Yusuf ni wa nne kwenye mstari.

Nikamwendea koplo. Nikamwambia yule nilikuwa naye hapa jana, saa ile ile. Akaniuliza, “Ni nani wako?” Nikasema shemeji. Akacheka, akaniambia nikakae.

Guyo sikumwona. Nikasema afadhali, kaondoka kwa miguu.


Jumatatu, 14 Februari

Ofisi imefungwa kwa amri. Hakuna vibali mpaka watangaze.

Asubuhi wawili wa ndevu nyekundu walipakiwa kwenye lori. Lori lilirudi kabla ya adhuhuri. Lilirudi na dereva na askari tu.

Halima hakupika. Kaka yake ni huyo huyo mmoja. Amekaa mlangoni tangu asubuhi, ananitazama kama mtu anayengoja nikumbuke kitu.

Nimekumbuka saa tisa mchana. Mjinga mimi. Kamera!


Jumanne, 15 Februari

Naandika haraka.

Filamu huku huisafishi mchana. Dawa ikipata joto, utando wa filamu unalainika kama uji na picha inaondoka nayo. Lazima alfajiri, kwa maji ya mtungi yaliyolala nje. Halima akayachuja mara tatu kwa shashi yake kuondoa tope la mto. Akatundika blanketi mlangoni mwa stoo. Akashika saa, akanihesabia dakika kwa Kisomali, sauti haikupanda wala kushuka. Nilikuwa sijui kuwa miaka yote hii alikuwa anajua dakika za dawa yangu.

Ilitoka. Ya saba. Kijivu ni wingu lenye masikio, Kapteni ana gongo na hana uso. Nyuma yake Yusuf, mdomo wazi, ndevu zote, vifungo vya koti unahesabu.

Nikachapa, nikapeleka ikiwa bado na unyevu.

Kapteni alijitazama mwenyewe kwanza. Muda mrefu. “Mkono umekaa vizuri,” akasema, “ila uso umeuua.” Nikamwomba radhi ya uso. Nikamwonyesha Yusuf. Akafikiri. Kijivu alicheza raundi ya pili tu, akasema mwenyewe, tena kwa hasira, maana bado inamuuma. Kwa hiyo saa kumi na robo. Kwa hiyo mtu huyu hawezi kuwa maili themanini. Kila hatua alifika mwenyewe, mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa tu kama mwanafunzi.

Angeniambia nibusu viatu ningebusu.

“Niachie picha,” akasema. Nikamwachia. Ningemwachia na kamera.

Yusuf hawajamtoa leo. Wanasema karatasi bado.


Jumatano, 16 Februari

Nimeitwa kwa Kapteni saa nne.

Picha iko mezani. Imechorwa duara kwa penseli nyekundu kwenye kila uso. Watu kumi na mmoja kwenye kamba. Pembeni jina, na kwa msaada wa polisi mmoja wa hapa wameyapata karibu yote: huyu muuza chai, huyu mwenye punda, huyu mwalimu wa chuo cha Kurani. Wote safi kama siku niliyowapiga. Sijawahi kuona picha yangu ikitazamwa kwa makini hivyo.

Duara moja halina jina. Mwisho wa kamba, fimbo mabegani.

“Huyu?”

Karatasi ya kumtoa Yusuf ilikuwa mezani, chini ya kalamu. Bila sahihi. Niliiona. Naye aliniona nikiiona.

Nilijua kila kitu cha mtu yule. Mbuzi sita, sukari, kibali kilichoisha Ijumaa, na mkono uliokataa kufungua droo. Kusema ni sentensi mbili. Mtu huyu anaitwa Guyo. Hana kibali kwa sababu yangu.

“Simjui,” nikasema.

“Wewe ndiye mwenye vibali, na humjui?”

“Wanakuja wengi, bwana.”

Akanitazama. Halafu akatia sahihi.


Alhamisi, 17 Februari

Yusuf yuko nyumbani. Meno mawili ya mbele hayapo. Sikio moja halisikii. Halima kachinja, majirani wamekuja, Yusuf hakula. Alasiri aliomba wembe. Akanyoa ndevu bila maji, bila kioo, uani. Nikamwambia, “Sasa hata nikikupiga picha hatutakujua.” Mzaha wangu huo. Hakunisikia, nilikuwa upande wa sikio bovu. Nashukuru.

Saa kumi na moja wamemtoa Guyo kwenye stoo ya ngozi nyuma ya duka moja. Alikuwa humo tangu Jumapili. Muuza chai ndiye aliyenihadithia. Askari walikuwa na picha mkononi. Wakamlinganisha, wakamwinua kidevu, wakalinganisha tena.

Wanauliza: kama hana kosa, alijificha kwa nini? Hana karatasi, ametoka upande wa barabara ile ile, na Jumamosi amesimama akitazama maafisa. Alikuwa akitazama farasi, au akihesabu watu?

Picha moja. Imemtoa Yusuf kwa kuwa alikuwa pale. Imemkamata Guyo kwa kuwa alikuwa pale.


Ijumaa, 18 Februari

Nimewaambia majirani nina homa. Sina homa.

Naogopa. Niandike hivyo, hapa hakuna anayesoma. Nikienda kusema leo, nitaulizwa kwa nini nilisema simjui juzi. Mwenye kudanganya kuhusu mmoja amedanganya kuhusu wawili. Ile sahihi inaweza kufutwa kama ilivyotiwa.

Nimemwambia Halima yote. Alichambua mchele mpaka akaumaliza. Halafu: “Ngoja kesho, Baba Zeinabu. Kaka yangu hajalala bado hata usiku mmoja.”

Nilitaka aseme hivyo. Nilimwambia ili aseme hivyo.

Mara tatu nimevaa viatu. Mara tatu nimevua.


Jumamosi, 19 Februari

Wamecheza. Nilidhani hawatacheza.

Sikuchukua kamera. Nilisimama karibu na farasi wanapobadilishiwa, na raundi ya pili ilipoisha Kapteni akaja akishuka, jasho linamtoka, amefurahi, walikuwa wanashinda. Nikasema. Neno hilo nililifanyia mazoezi njia nzima na bado lilitoka vipande vipande. Mtu yule namjua. Anaitwa Guyo. Alikuja kwangu Ijumaa kabla muda wake haujaisha. Mimi ndiye niliyemrudisha. Mimi ndiye niliyemwambia aje hapa kutazama. Yeye hakujua hata polo ni nini.

Alinisikiliza, hilo siwezi kumnyima. Akajifuta uso kwa kanga ya farasi, ile wanayofutia farasi.

“Jana asubuhi,” akasema.

Sikuelewa. Au nilielewa.

“Jana asubuhi, Karani. Ungesema Jumatano.”

Hakukasirika. Ningependa akasirike. Akaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, akapanda, akageuka.

“Na kamera leo iko wapi?”

Jana asubuhi nilikuwa navua viatu.


Jumapili, 20 Februari

Sikutoka.


Jumanne, 22 Februari

Ofisi imefunguliwa. Watu thelathini mlangoni, wengine tangu kabla ya jua. Nikaandika vibali tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja bila kunyanyua kichwa. Bwana mkubwa wa ofisi alipita, akanisifu kwa bidii. Akasema vita vimenitoa uvivu.


Alhamisi, 24 Februari

Asubuhi nimekuta picha tatu kizingitini. Zangu, zile nilizowagawia watu. Moja imechanwa uso, ikabaki farasi.

Muuza chai ndiye aliyekuja na kunipa yake mkononi. Mtu muungwana. “Chukua tu, mzee. Si kwa ubaya. Mama watoto hataki ikae nyumbani.” Chai akanipa, kama kawaida. Hakukaa nami kunywa.

Mji mzima umejua habari ya yale maduara mekundu. Sina wa kumlaumu. Wakiniona nakuja wanajifunika kwa shuka, na kamera iko nyumbani sandukuni. Nina sura ya kamera sasa.

Yusuf ndiye pekee asiyesema kitu. Anakuja, anakaa, anakula upande mmoja wa mdomo. Leo aliniuliza yule mtu mwingine alikuwa nani. Nikamwambia jina. Akalirudia polepole, kama anataka kulihifadhi mahali. “Guyo.” Halafu akaondoka kabla ya kafyu.


Jumatano, 2 Machi

Kaka yake Guyo amekuja.

Alifika na msafara wa wauza sukari, mzee kidogo kuliko mimi, kilemba safi, viatu vya mpira wa gari. Kibali chake cha siku tatu, kiko sawa. Kiswahili ana maneno machache kuliko ndugu yake. Akasimama mbele ya meza yangu.

“Guyo. Mbuzi sita. Wabi?”

Kila ofisi imemwambia nenda ofisi ile. Hii ndiyo ya mwisho.

Nilimwambia kuwa jeshi lilimchukua. Alishajua hilo. Alitaka kujua mahali, ili waende wakamzike, au wamngoje. Nikamwambia sijui mahali. Hilo ni kweli, ni neno la kweli la kwanza kumhusu mtu yule nililowahi kulitoa kwa wakati. Yale mengine nilitaka kumwambia. Nilitafuta mkalimani kwa macho, mhudumu wetu anajua Kiborana, alikuwa hapo hapo akifagia. Sikumwita.

Akatoa karatasi yake. Anataka cha kurudia.

Nikafungua droo. Kaboni mbili, jina, ukoo, aendako, mifugo hakuna, mhuri, sahihi. Chai ya mhudumu ilikuwa bado inatoka moshi nilipomaliza.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akanishukuru kwa Kiborana, kisha kwa Kiarabu, kisha akatafuta neno la Kiswahili na kulipata. “Asante sana, mzee.”


Jumamosi, 5 Machi

Kapteni alimtuma askari nyumbani. Nije na kamera, wana wageni kutoka Nairobi.

Nikaenda. Upepo kidogo, anga safi, siku nzuri ya picha. Wamenunua farasi mwingine badala ya kijivu, mweusi, ana mbio.

Upande wa pili wa kamba hapakuwa na mtu. Hata mmoja. Watoto hawakuwepo. Muuza chai hakuleta birika. Nilikuwa mtazamaji peke yangu upande wangu, na ng'ambo mbuzi wawili walikuwa wanakula majani ya chini ya kamba, wakisogea kidogo kidogo farasi wakipita.

Nilibonyeza kila walipopita. Kamera haikuwa na filamu.

“Umepata, Karani?” Kapteni akapaza sauti kutoka juu ya farasi.

“Nimepata, bwana.”

Akanipungia gongo. Nikampungia mkono.

Nyumbani Halima aliuliza nani kashinda. Sikuwa nimetazama. Akamimina chai, tukanywa.